Bei ya Kupima Chuma Kilimanjaro

Nchi ya Kilimanjaro ina maji, ina rutuba, ina migomba na kahawa, lakini kwa chuma wenyeji wake walitegemea majirani. Wahunzi wa Uchaga, hasa wale wa Mamba ambao mikuki yao ilisifiwa mlimani na nyikani, walifua chuma kilichotoka Upare. Huko Ugweno, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua. Na Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotolewa mwaka 1969, aeleza kwamba Washana hao ndio waliokuwa watawala kabla ya Wasuya kushika nchi. Heshima ya mhunzi ilikuwa imechanganyika na hofu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Moshi ya Kale miaka mingi, aliandika juu ya mhunzi na imani zilizoizunguka kazi yake mwaka 1912, wakati nyundo zilikuwa bado zikisikika na vyuma vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuanza kuzinyamazisha.

Katika kazi ya wahunzi hao hapakuwa na hesabu ya gharama ya kupima ubora. Si kwamba hawakupima. Mhunzi popote duniani huupima moto kwa rangi ya chuma, hupima uzima wa chuma kwa sauti yake juu ya fuawe, na mnunuzi naye huukunja upanga, huutikisa mkuki, akaukubali au akaukataa hapo hapo. Gharama ilikuwapo, lakini ilikuwa imefichwa ndani ya kazi yenyewe, kama chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi. Mfanyaji na mtumiaji walitazamana uso kwa uso. Tena mkuki haukutakiwa kuenea katika kitu kilichofanywa na mtu wa mbali. Mpini ulichongwa kuufuata mkuki, wala mkuki haukufuliwa kuufuata mpini ulioko nchi nyingine. Maadamu mambo yalikuwa hivyo, jicho, sikio na mkono vilitosha.

Vilikoma kutosha siku garimoshi lilipofika. Reli iliyoanzwa Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa mara ya kwanza palisimama chini ya mlima mashine ambayo kila kiungo chake kilikuwa na ndugu yake Ulaya. Beringi ikichakaa, fundi hana budi kupata nyingine itakayokaa mahali pa ile ya kwanza bila ya kumjua aliyeifanya. Baadaye kikaja kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi mwaka 1920, mashamba na kiwanda cha sukari cha Wadenmark huko Arusha Chini tangu mwaka 1930, na malori na mabasi yaliyopanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo kwa njia za matope. Nchi iliyokuwa ikinunua mikuki kwa macho ikawa inanunua pistoni kwa namba.

Yafaa kusimama kidogo kuitazama namba hiyo, kwa kuwa ndani yake mna karne nzima ya taabu. Mwaka 1840 Joseph Whitworth wa Manchester aliwaeleza wataalamu waliokutana Glasgow namna ya kupata uso wa chuma ulio sawa kabisa. Alitaka mabamba matatu. La kwanza husuguliwa na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, na kila palipoinuka hukwanguliwa kwa mkono. Mabamba mawili yaweza kulingana huku moja limebinuka na jingine limebonyea. Lakini matatu hayawezi kulingana yote, kila moja na kila jenzake, ila yakiwa yamenyooka. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu maskini, kwa sababu haidai kipimo cha kununuliwa. Yadai subira na mkono tu. Hata leo fundi wa Moshi mwenye vipande vitatu vya chuma cha kusubu aweza kuyapata mabamba hayo bila ya kuagiza chochote ng'ambo.

Lakini unyofu si urefu. Urefu hauzaliwi kwa kusugua. Lazima utoke mahali. Msweden mmoja, Carl Edvard Johansson, fundi katika kiwanda cha bunduki huko Eskilstuna, ndiye aliyebuni mwaka 1896 seti ya vipande vya chuma 102 ambavyo, vikiunganishwa kwa namna mbalimbali, hutoa vipimo 20,000 vinavyopishana kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa vipande hivyo karakana yoyote iliweza kuuleta urefu wa kweli mezani pake. Henry Leland, mkuu wa kiwanda cha magari cha Cadillac huko Detroit, alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuvinunua. Magari yake yalifanyiwa jaribio mashuhuri Uingereza mwaka 1908: matatu yalivunjwavunjwa, vipande vikachanganywa, vingine vikatolewa na kutiwa vipya kutoka ghalani, kisha yakaundwa tena bila ya kutumia tupa, yakakimbizwa maili 500. Watu walistaajabia magari, kumbe jambo la kustaajabisha lilikuwa vipimo. Tangu hapo ilijulikana kwamba kiwanda cha viungo vya injini chauza vitu viwili kwa bei moja: chuma, na ahadi kwamba chuma hicho kitaenea.

Sasa, mafundi wa Moshi katika miaka hiyo hawakuwa wafanyaji wa viungo bali watengenezaji wa injini zilizochoka, na tofauti hiyo si ndogo. Fundi anayetoboa upya silinda iliyolika huipima silinda ile ile iliyo mbele yake, huchagua pistoni ya ovasaizi, kisha husaga hata pistoni ikae. Krankishafti ikikwaruzika huinoa kwa mashine, hupima kwa maikromita, hununua beringi za kadiri inayofuata. Injini yenyewe ndiyo kipimo chake. Akikosea, injini humsuta kabla ya jioni, kwa moshi au kwa mlio, na mwenye basi amesimama mlangoni. Fundi huyo ni ndugu wa mhunzi wa Mamba kuliko alivyo ndugu wa Leland, ingawa mikono yake imejaa mafuta ya dizeli. Kwake maikromita nzuri, geji ya kupimia tundu na rula ya chuma ni mali ya kutosha, na bei yake hurudi katika kazi chache.

Mambo yalibadilika nchi ilipokusudia kufanya viungo na mashine yenyewe. Tanzania ilipokea mwaka 1975 mkakati wa viwanda vya msingi, ambao shabaha yake ilikuwa kuzalisha chuma, kemikali, mashine na vitu vingine ambavyo viwanda vyote huvihitaji. Fikira hiyo haikuwa ya ovyo. Taifa linalonunua kila skrubu kwa fedha za kahawa hulazimika kusimamisha mabasi yake kila bei ya kahawa inapoanguka. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lilikuwa limekwisha kuanzishwa mwaka 1973; Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975; na mkoani Kilimanjaro, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, Japan ilisaidia kuandaa mpango wa maendeleo wa mkoa uliozaa kituo cha viwanda mjini Moshi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Bulgaria na chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, kikajengwa katika wilaya ya Hai, magharibi ya mji wa Moshi, kiwanda cha mashine za kukerezea, kutobolea na kukatia chuma na mbao: Kilimanjaro Machine Tools. Jina hilo liliwaingia watu hata likawa jina la mahali.

Kiwanda cha namna hiyo kina mzigo ambao kiwanda cha sabuni au cha magunia hakiujui. Mashine ya kukereza ni mama wa viungo, na kasoro ya mama huonekana kwa watoto wote. Ikiwa mhimili wake unayumba sehemu mbili za mia za milimita, hakuna bushi, pini wala slivu itakayotoka humo ikiwa sahihi kuliko hivyo, hata fundi awe hodari vipi. Ndiyo sababu Georg Schlesinger, profesa wa Berlin, alitunga mwaka 1927 orodha za majaribio ambayo kila mashine ya kiwandani ipaswa kuyapita kabla ya kuuzwa: unyofu wa kitanda, mzunguko wa mhimili, ulingano wa vituo. Kuyafanya majaribio hayo kwadai vipimo vilivyo sahihi kuliko mashine inayopimwa, na vipimo hivyo navyo vyadai vingine vilivyo sahihi zaidi vya kuvisahihishia, mpaka mwisho wa mnyororo. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba kipimo kisichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kosa linaloruhusiwa. Tundu la milimita 100 la daraja la kawaida katika uhandisi huruhusiwa kosa la maikroni 35, yaani sehemu 35 za elfu za milimita. Basi kipimo chake kisikosee zaidi ya maikroni tatu na nusu. Unywele wa mtu ni mnene mara ishirini ya hizo.

Hapa tabia ya nchi yenyewe huingia katika hesabu. Tangu mwaka 1931 mataifa yamekubaliana kwamba urefu wa kitu maana yake ni urefu wake katika joto la nyuzi 20. Mjini Moshi, mchana wa mwezi wa Februari, joto hupita nyuzi 30. Chuma cha pua hurefuka kwa kadiri ya sehemu 11 na nusu katika milioni kwa kila nyuzi moja. Basi fimbo ya milimita 100 iliyopimwa katika nyuzi 32 huwa imezidi kwa maikroni 14 hivi. Pistoni ya alumini ya upana huo huzidi kwa maikroni 28. Kosa lote lililoruhusiwa kwa kipimo limekwisha kuliwa mara nne na jua, kabla mtu hajashika maikromita. Ndipo vitabu vya Ulaya husema: jengeni chumba cha kupimia chenye hewa ya joto moja usiku na mchana. Chumba hicho chataka mashine za kupoza, umeme usiokatika, milango miwili, na mtu wa kukitunza. Ajabu ni kwamba mlima wenyewe una chumba hicho bure: huko juu kwenye migomba, upande wa Marangu au Kibosho, wastani wa joto la mwaka hukaribia nyuzi 20. Lakini viwanda hujengwa penye barabara, reli na umeme, na hapana aliyewahi kujenga kiwanda kwa ajili ya maikromita.

Hata hivyo liko jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kama kipimo ni cha chuma na kiungo ni cha chuma, na vyote viwili vimelala mezani pamoja usiku kucha, huota joto pamoja na kurefuka pamoja, na kosa karibu lote huondoka. Fundi mwenye saburi, anayepima alfajiri kabla ya bati la paa kuwaka, asiyeshika kiungo kwa kiganja cha moto, hupata bila ya gharama sehemu kubwa ya kile ambacho chumba chenye kupozwa humpa mwingine kwa mamilioni. Sehemu kubwa, si yote. Pistoni ya alumini bado itamdanganya asipopiga hesabu. Lakini laonyesha kwamba gharama ya kupima si bei ya vyombo peke yake. Ni bei ya vyombo, na ya elimu, na ya tabia. Na hizo mbili za mwisho haziagizwi kwa meli.

Kilichokipata kiwanda cha Hai chajulikana kwa sura yake kubwa. Kilizaliwa katika miaka mibaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na soko la pamoja likaenda nayo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza hazina. Mafuta yalikuwa ghali na fedha za kigeni hazipatikani. Mashine ya kukereza huihitaji mtu mwenye kiwanda, na viwanda vilikuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wao kwa kukosa malighafi. Mwaka 1986 serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa na masharti yakageuka. Novemba 1989 utawala wa Todor Zhivkov ulianguka huko Bulgaria, na nchi iliyotoa mashine na wataalamu ikawa na mashaka yake yenyewe. Kiwanda kikafifia. Si haki kusema kwamba vipimo ndivyo vilivyokiua, kwa maana njaa yake ilikuwa ya soko na ya fedha. Lakini katika njaa ya namna hiyo kinachokatwa kwanza ni kile kisichoonekana. Mshahara ukikosekana watu hulalamika. Umeme ukikatika kelele za mashine hunyamaza na kila mtu hujua. Lakini geji iliyopitiwa na miaka mitatu bila ya kusahihishwa hukaa sandukuni mwake iking'aa kama siku ya kwanza, na hakuna ajuaye kwamba imeanza kusema uongo.

Basi swali ambalo kila karakana ya Moshi itakayo kufanya bushi, slivu, beringi za shaba au viti vya valvu yapaswa kujiuliza si kama kupima ni vizuri, maana hilo hakuna alikanalo, bali kupima kiasi gani kwafaa gharama yake. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani hesabu za ubora tangu mwaka 1950, aliacha kanuni fupi kwa swali hili. Chukua gharama ya kupima kiungo kimoja, igawe kwa hasara ya kiungo kimoja kibovu kikiponyoka na kuingia katika mashine. Kama sehemu ya viungo vibovu ni kubwa kuliko jawabu hilo, pima vyote. Kama ni ndogo, usipime hata kimoja.

Mfano wa kubuni utaiweka wazi. Na iwe karakana yafanya bushi 2,000 kwa mwaka. Kupima moja, pamoja na ujira wa mpimaji na uchakavu wa vyombo, ni shilingi 500. Bushi mbovu ikiingia katika injini ya basi, kuifungua injini tena pamoja na siku basi liliyolala ni shilingi 100,000. Mpaka ni moja katika 200. Ikiwa bushi moja katika kila 50 ni mbovu, hasara ya mwaka ni milioni nne, na kuzipima zote ni milioni moja: heri kupima. Ikiwa ni moja katika kila 1,000, hasara ni laki mbili, na anayetumia milioni moja kuiepuka hasara ya laki mbili ana moyo mwema lakini hana hesabu.

Kanuni hii ni ya haki, lakini ina milango miwili ambayo mtu asipoiona huanguka. Wa kwanza ni huu: karakana mpya haijui kama ubovu wake ni mmoja katika 50 au mmoja katika 1,000, na hapana njia ya kujua ila kupima. Tena kanuni yenyewe yataka kazi iwe imetulia, ubovu wake usipande na kushuka ovyo. Na utulivu huo, kama Walter Shewhart alivyoonyesha tangu mwaka 1924 katika viwanda vya simu vya Marekani, nao hujulikana kwa kupima sampuli ndogo siku kwa siku na kuziandika. Hivyo anayeanza ndiye mwenye kulazimika kupima zaidi, naye ndiye mwenye fedha kidogo. Kiwanda kikubwa cha Ujerumani au Japan chaweza kupima kiungo kimoja katika mamia, kwa kuwa kimekwisha kulipa ada ya miaka mingi. Anayewaiga kwa kupima kimoja katika mamia siku ya kwanza ameiga matokeo akaacha sababu.

Mlango wa pili ni mzito zaidi. Hasara ya shilingi 100,000 ni ya nani? Ni ya mwenye basi. Mfanyaji wa bushi, akirudishiwa ile mbovu, hutoa nyingine, na hasara yake ni shilingi 5,000 labda. Kwa hesabu yake mwenyewe mpaka si moja katika 200 bali ni moja katika 10, na ikiwa bushi mbovu ni moja katika 50 kanuni ile ile ya Deming humwambia asipime hata moja. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Hesabu ni sahihi kwa kila mmoja, na basi limekwama Kifaru na abiria wake. Hiki ndicho kilichopotea tangu siku za wahunzi wa Mamba: mfanyaji na mtumiaji hawatazamani tena. Dhamana ya maandishi, ambayo mfanyaji hulipa si kiungo tu bali na kazi ya kufungua injini, hurudisha hasara mlangoni pa aliyeisababisha, na mara moja vyombo vya kupimia vilivyoonekana ghali huonekana rahisi. Pasipo dhamana, kumhubiria mfanyaji juu ya ubora ni kupoteza pumzi. Na kwa viungo vya breki na usukani hesabu hii yote haina mahali. Huko hasara haiandikwi kwa shilingi.

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kwenda mbali kuona namna mzigo wa kupima unavyoweza kubebwa. Kwa miaka mingi kahawa yao imepimwa kwa taratibu ambayo mkulima wa nusu eka asingeweza kuilipia peke yake. Chama cha kwanza cha wakulima wenyeji kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Kahawa ya shamba dogo ikakusanywa, ikakobolewa mjini, ikapangwa kwa ukubwa wa punje, kisha ikaonjwa kabla ya mnada. Vyombo vya mwonjaji ni vichache: maji ya moto, vikombe, kijiko, na chombo cha kutemea. Kilicho ghali ni ulimi uliofunzwa miaka mingi. Gharama ya ulimi huo, ikigawanywa kwa magunia ya mlima mzima, haikumwelemea mtu. Kulikuwa na manung'uniko, naam, juu ya makato na juu ya madaraja. Lakini hapana mkulima aliyedai kila kihamba kiwe na mwonjaji wake.

Karakana za chuma za Moshi hazijapata bado KNCU yao ya vipimo, na hapo ndipo gharama inapokuwa nzito kupita kiasi. Kila moja haiwezi kununua mashine ya kupimia ugumu wa chuma, ile iliyobuniwa na Msweden Brinell na kuonyeshwa Paris mwaka 1900, ambayo hukandamiza kitufe cha milimita 10 juu ya chuma kwa uzito wa kilo 3,000 na kusoma upana wa alama. Wala kila moja haina haja nayo kutwa. Saa moja kwa juma yatosha. Hali ni hiyo hiyo kwa mashine ya kutafuta nyufa kwa sumaku, na kwa seti ya vipande vya Johansson. Lakini kila karakana ifanyayo kiungo kimoja kwa wingi yaweza kuwa na geji ya ndiyo na siyo, kifimbo chenye ncha mbili, moja ipaswayo kuingia tunduni na nyingine isiyopaswa kuingia. Geji hiyo haisomi namba, haina kioo, haihitaji umeme, na kijana aliyefunzwa siku moja huitumia bila ya kosa. Inachohitaji ni kusahihishwa kwa wakati, kwa maana kila tundu inaloingia huila kidogo. Mgawanyo mzuri wa gharama ni huo: geji nyepesi kwa kila mmoja, na vyombo vizito na mtu wa kuvisahihisha mahali pamoja, kwa wote.

Baada ya mwaka 2015 NDC ilianza kukifufua kiwanda cha Hai, na tanuru la kuyeyushia chuma likawa sehemu ya kazi hiyo. Chuma cha kusubu ni mwanzo mwema, lakini ni chuma chenye siri: mapovu ndani yake hayaonekani, ugumu wake hubadilika kwa kadiri kilivyopoa, na kiungo kizuri kwa macho hupasuka siku ya tatu injinini. Mnunuzi wa Moshi naye amezoea duka la spea, ambako pistoni mbili za sanduku moja na bei mbalimbali huwekwa mbele yake, moja halisi na moja ya kuigiza, naye huchagua kwa kutazama karatasi. Meza ya kupimia iliyo wazi kwa umma, hapo kiwandani au mjini, ingemfaa mnunuzi huyo kabla hata ya kumfaa mfanyaji. Na ada atakayolipa kuhakikisha pistoni ya kigeni ndiyo ingeiweka meza hiyo hai mpaka pistoni ya kienyeji ianze kuletwa. Geji za meza hiyo zitahitaji kusafiri kila mwaka hadi Dar es Salaam, kwenye maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango, zikiwa zimefungwa katika pamba na mafuta, na katika bajeti ya mwaka wa kwanza safari hiyo ipaswa kuandikwa mstari mmoja juu ya bei ya geji zenyewe.